Cha kufungia kidonda cha mzee, hasa Dodoma inapokauka

Mwezi wa nane, saa tano asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha bibi mmoja mzaliwa wa Mpwapwa, nikibandua gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwenye kisigino chake. Gozi hiyo niliiweka mwenyewe jana yake, nimeilowesha salini, yaani maji ya chumvi ya kusafishia vidonda, vizuri, nikaizungushia bandeji. Asubuhi ile ilikuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Nilipoivuta ikaja na nyama nyekundu changa, nyama iliyochukua wiki mbili kuota. Bibi hakupiga kelele. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hicho unakifungua au unakilima?"

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 26 sasa, na miaka 12 ya mwisho nimeitumia kwenye makao ya wazee nje kidogo ya jiji la Dodoma. Nawaandikia wauguzi wachanga na walezi wanaobaki zamu ya usiku na kabati lenye vitu vitano, wakijiuliza wachukue kipi. Shuleni tulifundishwa kufunga kidonda kwa usafi, na hilo tunaliweza. Kuchagua cha kufungia tulijifunzia kwa wagonjwa, na wagonjwa ndio walioumia.

Kosa langu siku ile halikuwa la usafi. Gozi niliyolowesha ilikaa kwenye hewa ya Dodoma ya kiangazi, ambako kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kuhadithiwa na upepo unapita dirishani na vumbi jekundu. Gozi mbichi ya saa mbili usiku, ikifika alfajiri imeshakuwa kavu. Vitabu vinavyosema gozi ya salini ibadilishwe mara mbili kwa siku viliandikwa na watu wenye hewa nyingine na wauguzi wengi zaidi.

Na msiniambie "basi kiache kipigwe hewa kikauke." Najua mama zetu walisema hivyo, na wangu alisema. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, kule Uingereza, alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi kuliko yaliyoachwa wazi yakafanya gaga. Chembe za ngozi hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na hutambaa juu ya unyevu. Zikikuta gaga zinalazimika kuchimba njia chini yake. Lakini unyevu si maji kutiririka. Kidonda kilichofurika kinalainisha ngozi ya pembeni mpaka inakuwa nyeupe na kukunjana kama vidole vya mtu aliyefua asubuhi nzima, halafu ngozi hiyo nayo inachanika.

Kwa hiyo mimi sianzii kabatini. Naanzia kitandani na maswali matatu: kidonda hiki kimeletwa na nini, kina maji kiasi gani, na nani atakuwepo kukifungua tena, lini. Hilo la tatu halimo kwenye vitabu vingi. Dresingi (yaani cha kufungia kidonda) ya kubadilishwa kila siku haifai Ijumaa kama Jumamosi na Jumapili yupo mlezi mmoja kwa wazee 30.

Kimeletwa na nini

Kwa wazee wasioamka, kidonda cha kwanza ni cha kulalia: mfupa wa juu ya makalio, visigino, nyonga, viwiko, hata kisogo. Hakuna dresingi duniani inayoponya mgandamizo. Ukifunga vizuri kisha ukamlaza babu palepale, umefunga zawadi. Mgeuze kila saa mbili. Mlaze kwa mshazari kidogo, nyuzi 30 hivi, mto ukiwa nyuma ya mgongo, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Visigino vielee hewani: mto ukae chini ya misuli ya miguu, toka goti hadi juu ya kifundo, kisigino kisiguse kitu. Zile pete za kitambaa tulizokuwa tukisokota kama kata ya kubebea ndoo, acheni, zinabana damu kuizunguka sehemu ileile. Glavu zilizojazwa maji chini ya kisigino nazo acheni.

Kitabu kinasema hatua ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tumia mgongo wa mkono: gusa mahali hapo, kisha gusa upande wa pili wa mwili. Pakiwa na joto zaidi, au baridi zaidi, pagumu kama ndizi mbichi au pamelegea kama tope, au pameiva rangi kuliko jirani yake na mzee anakunja uso ukigusa, kidonda kimeshaanza chini hata kama juu hakuna mchubuko.

Kidonda cha mguuni juu ya kifundo, upande wa ndani, mguu umevimba na ngozi imekuwa ya kahawia, mara nyingi ni cha mishipa inayorudisha damu. Hicho kinataka bandeji ya kubana kuliko kinavyotaka dresingi ya bei. Lakini kabla ya kubana tafuta mapigo juu ya wayo. Usipoyapata, au mguu ni wa baridi, usibane. Mpeleke apimwe mzunguko wa damu kwanza. Kumbana mtu ambaye damu haimfikii vizuri ni kumtafutia kukatwa mguu.

Mzee mwenye kisukari, kidonda cha chini ya mguu kionwe na daktari kabla hujafikiria cha kuweka. Na hapa kwetu kati kuna wazee wengine ambao miongozo ya nje haiwakumbuki sana: waliougua ukoma zamani. Hombolo, ndani ya Dodoma hii hii, inajulikana kwa historia hiyo. Ugonjwa walishapona, lakini nyayo zao hazihisi. Babu anatembea na msumari ndani ya kandambili kuanzia asubuhi mpaka jioni bila habari. Kwake cha kwanza ni kiatu laini na kupumzisha mguu, cha pili ni kupunguza sugu pembeni mwa kidonda, kazi ya mtu aliyefundishwa. Dresingi ni ya tatu. Kila jioni kagua nyayo zake, na viatu vyake pindua ukung'ute.

Halafu kuna kile ambacho si cha kulalia ila tunakiita hivyo: ngozi iliyoungua kwa mkojo na kinyesi. Kinakuwa kipana, juujuu, kingo hazieleweki, kiko kwenye mkunjo wa makalio badala ya juu ya mfupa. Hicho usikibandike chochote. Osha kwa upole, kausha kwa kugusagusa, paka vaselini au mafuta ya zinki tabaka jembamba, badilisha nepi mapema.

Safisha kwanza, ndipo uangalie

Anza na dawa ya maumivu. Paracetamol dakika 30 hadi 60 kabla inabadilisha mambo yote, na mzee aliyetulia anakupa muda wa kuangalia. Asubuhi ya siku ya kufunga vidonda tunamwomba anayefanya usafi asifagie mpaka tumalize. Badala yake anapiga deki. Ufagio wa chelewa kwenye sakafu ya Dodoma unarusha vumbi linalokaa hewani nusu saa, nawe hapo umefungua kidonda kinachong'aa. Kiangazi nafunga vidonda mapema, kabla upepo haujaamka.

Salini ikiwepo, tumia salini. Isipokuwepo, chemsha lita moja ya maji kwa dakika 10, tia chumvi gramu 9, yaani kijiko kidogo cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa kwa kisu, funika, yapoe yawe vuguvugu, yatumike siku hiyo hiyo. Kijana mmoja wa mafunzo aliwahi kuniambia maji yetu ya bomba yana chumvi tayari, kwa hiyo hakuna haja. Tulicheka, lakini hapana, ule si ulinganifu wa salini. Yasiwe ya baridi, kidonda kilichopozwa kinasimama kazi kwa muda. Mwagia kwa bomba la sindano la mililita 20 au 30, msukumo wa wastani, uchafu utoke wenyewe. Usifute ndani ya kidonda kwa pamba, inaacha nyuzi.

Spiriti, haidrojeni peroksaidi na jivii viwekeni mbali na kidonda cha mzee kilicho wazi. Vinaua wadudu, sawa, vinaua na nyama changa. Jivii ina dhambi ya ziada: inapaka kila kitu rangi ya zambarau, kesho huwezi kujua kama ukingo ni mwekundu au mweusi. Ayodini ina nafasi yake kwa kidonda chenye wadudu, kwa siku chache, si kila siku miezi mitatu kwa sababu tu chupa ipo.

Gozi iliyoganda usiivute. Iloweshe salini vuguvugu, zungumza na mzee habari za mashamba yake, rudi baada ya dakika 5 au 10. Itaachia.

Sasa angalia. Nyekundu yenye punje ndogo kama ganda la tunda la topetope ni nyama nzuri inayoota. Njano inayonata ni uchafu wa nyama iliyokufa, wengi huudhani usaha. Nyeusi ni nyama iliyokufa kabisa. Waridi ukingoni ni ngozi mpya, iheshimu. Pima urefu kuelekea kichwa na miguu, upana kwa kukingama, andika kwa sentimita. Kama kuna shimo, ingiza kijiti cha pamba safi taratibu, weka alama ya kidole, pima. Andika na harufu. Wiki mbili zikipita vipimo havijapungua, usibadilishe dresingi kwa kubahatisha, rudi kwenye swali la kwanza. Nusu ya mara ambazo nimekwama, tatizo lilikuwa godoro, sukari au sahani ya chakula.

Kabati

Gozi ya kawaida ndiyo tunayo daima. Kwetu inakuja jora zima la kukata wenyewe. Kata, kunja kingo zilizokatwa ziingie ndani, halafu kunja tena, uzi wowote usibaki nje. Walezi wetu wanakunja jioni wakisikiliza redio, na mimi nachukua kipande kimoja kimoja navuta kona: uzi ukitoka kinarudi. Uzi mmoja unaobaki kidondani mwili utaupigania wiki nzima. Zifungwe, ziingie kwenye chombo cha mvuke, joto la nyuzi 121 kwa dakika 30. Gozi kavu ni kifuniko cha juu na kinyonyaji, isiguse nyama changa moja kwa moja.

Kinachogusa nyama, kama huna kingine, kiwe gozi ya vaselini. Hainati. Weka tabaka moja, kwa Dodoma ya Agosti weka mawili, juu yake gozi kavu, kisha bandeji. Badilisha kila siku moja au mbili. Inafaa kidonda cha juujuu chenye maji kidogo hadi wastani. Ukitaka kuitengeneza, kumbuka kwamba mvuke haupenyi mafuta. Inataka joto kavu la oveni, si sufuria ya mvuke. Nimeona watu wakiichemsha pamoja na gozi nyingine, ikitoka inang'aa wanaamini imekufa wadudu.

Haidrokoloidi ni ile plasta nene ya rangi ya ngozi au kahawia inayolainika kama ugoro uliokandwa. Naipenda kwa kidonda cha kulalia kisicho na kina, maji kidogo, hakina wadudu. Ishike baina ya viganja dakika moja ipate joto, ndipo itashika. Ikae siku 3 hadi 7. Inaziba hewa kavu nje, na kwa mkoa wetu hiyo ni sifa kubwa. Ukiifungua utakuta uji wa njano wenye harufu. Ni yenyewe iliyoyeyuka, si usaha, osha kwanza ndipo uhukumu. Usiiweke kwenye mguu wa kisukari, kwenye shimo lenye kina, wala mahali mfupa au mshipa mgumu unaonekana. Na usiifungue kila siku kuchungulia. Mlezi mmoja alikuwa akiifungua kila asubuhi ili aandike ripoti nzuri, ngozi ya bibi ikatoka nayo.

Dresingi ya sponji ndiyo iliyookoa kisigino cha bibi wa Mpwapwa. Inanyonya bila kukausha, ina mto, na ile yenye silikoni ukingoni inabanduka kama jani la mlenda lililoiva. Inafaa maji ya wastani hadi mengi, inaweza kukaa mpaka siku 7. Usihesabu siku tu, angalia doa: maji yakifika karibu na ukingo, kama sentimita 1 au 2, badilisha hata kama ni siku ya pili. Izidi ukingo wa kidonda kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini nilikaa na mhasibu wetu tukahesabu gozi, bandeji, glavu na salini za siku 6, tukajumlisha na dakika zangu 25 za kila siku, akanyamaza. Kwa kisigino kile tuliitumia wiki 9. Mara ya kwanza nilipoibandua bibi aliuliza kama nimeshaanza.

Alijineti inatokana na mwani. Si mwani mwekundu wa akina mama wa Paje na Jambiani, huo unatoa kitu kingine. Huu ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Kwenye pakiti unaonekana kama sufi. Ukinyonya maji ya kidonda unageuka jeli. Ni wa vidonda vyenye maji mengi, mashimo, na vinavyovujavuja damu. Jaza shimo kwa kulegeza, usishindilie kama godoro, maana ukishindilia unarudisha mgandamizo ndani. Juu funika kwa sponji au gozi. Kidonda kikavu usikipe alijineti, itakinyonya kidogo kilichobaki na kuganda.

Kinyume chake ni haidrojeli, unyevu ndani ya mrija. Inalainisha njano kavu na magamba ili yaachie. Paka kidogo, ngozi ya pembeni ikinge kwa vaselini, funika. Kwa kidonda kinachotiririka ni kumwagia maji kwenye mafuriko.

Ila tahadhari moja naiandika kwa herufi nzito daftarini: gamba jeusi la kisigino lililo kavu, gumu, limeshika, halina harufu, pembeni hakuna uvimbe wala wekundu, liache. Usililainishe, usilikate. Ni kifuniko cha mwili wenyewe, na huenda chini yake damu haitoshi kuponya kitakachofunguliwa. Likaushe, likinge, kisigino kielee. Siku litakapolegea, likatoa maji au harufu, hiyo ni safari ya hospitali.

Plastiki angavu ya kubandika inafaa mchubuko mdogo au kushikilia dresingi nyingine. Hainyonyi chochote, na kwa ngozi ya mzee gundi yake ni adui.

Dresingi za madini ya fedha ni za kidonda chenye dalili za wadudu, jaribio la wiki mbili kisha uamue, si za kuanzia. Saratani iliyotoboa ngozi ni habari nyingine: hapo hatuponyi, tunamsitiri mtu. Harufu ndiyo inayomfanya asipokee wageni. Daktari huweza kuagiza metronidazoli iliyosagwa juu ya kidonda, gozi ya vaselini ikafuata ili kisivuje damu ukifungua. Bibi mmoja alianza tena kukaa barazani na wenzake siku ya nne.

Ngozi iliyochanika

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndilo jeraha tunalolileta sisi wenyewe. Ngozi ya mtu wa miaka 85 ni karatasi ya vitumbua. Ukimvuta mkono kumsaidia kuinuka, au ukibandua plasta kwa haraka, kipande kinafunuka kama kifuniko cha bahasha.

Usikikate hicho kipande. Bonyeza kwa gozi yenye salini damu ikome. Kisha kwa ncha ya kijiti cha pamba kilicholoweshwa, kirudishe taratibu mahali pake, ukikunjua kona zake moja moja, usikivute kifike kama hakifiki. Juu weka dresingi ya silikoni isiyonata, au gozi ya vaselini kama ndiyo iliyopo, kisha bandeji laini ya kuzungusha. Plasta isiguse ngozi. Sasa chukua kalamu, chora mshale juu ya dresingi kuonyesha upande wa kubandulia: kutoka shina la kipande kuelekea ncha yake. Ukibandua kinyume utakifunua tena. Andika tarehe pembeni ya mshale. Iache siku kadhaa.

Bandeji ikikosekana, tunachana khanga kuukuu za pamba, zikafuliwa, zikachemshwa, zikapigwa pasi. Hazigusi kidonda, zinashikilia tu. Wazee wanazipenda. Babu mmoja aliomba mwenye maneno yasomeke.

Vinavyoletwa na wageni

Jumapili ndugu wanakuja, mikono haiji mitupu. Majivu, samadi na unga wa mizizi navipokea kwa adabu, naviweka ofisini. Samadi na udongo hubeba pepopunda, na wazee wetu wengi hawakumbuki chanjo ya mwisho. Wengine wanafungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga kidondani. Unatengeneza kigaga, unawafundisha wadudu kuzoea dawa, na kuna wanaozivimbia.

Asali ni ugomvi mgumu zaidi, kwa sababu wanaoileta hawajakosea kabisa. Asali inafaa kidonda, inaua wadudu na kulainisha uchafu wa njano. Na sisi tumezungukwa nayo, ya Manyoni, ya Kondoa, ya Singida. Lakini inayotumika hospitalini imepitishwa kwenye mionzi ya gama kuua mbegu za vijidudu zinazoweza kuwa ndani ya asali ya mzinga, zikiwemo za sumu inayopoozesha. Ya barabarani haijapita huko, na wakati mwingine imepita kwenye sukari. Nawaambia: "Baba, hii babu ataila kwenye uji, itamsaidia zaidi." Na ile ya hospitali, ukiipata, jua siku za mwanzo kidonda kitatoa maji mengi na kinaweza kuwasha kama pilipili, weka kinyonyaji kikubwa juu.

Kuhusu uji: mzee mwenye kidonda anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa figo zinamzuia. Mwenye kilo 50 ni gramu 63 hadi 75. Yai moja ni kama gramu 6. Ugali wa uwele na mlenda peke yake haufiki huko, ongezeni karanga zilizotwangwa, maziwa, dagaa.

Nzi nao, mvua zinapoanza Desemba. Kidonda chenye harufu kikiachwa wazi hata kwa muda mfupi, nzi anataga. Ukikuta funza usimpigie mzee kelele usoni. Watoe kwa kibano, mwagia salini nyingi, funika kuzunguka kote, weka chandarua mchana.

Siku ya kumpeleka hospitali

Homa, au kuchanganyikiwa ghafla kwa mzee ambaye jana alikutambua. Wekundu au joto linalosambaa kutoka ukingoni. Mfupa kuonekana au kuguswa na kijiti. Damu isiyokoma. Mguu uliogeuka baridi na mweusi. Usaha na harufu mpya. Wazee wengi hawapandishi homa kali hata wadudu wakiwa damuni, hivyo msingojee kipimajoto.

Akienda, aende na barua. Siyo "ana kidonda". Andika kiko wapi, vipimo vya leo na vya wiki mbili zilizopita, umefunga na nini, saa ngapi, na kama umejaza shimo, idadi ya vipande vilivyo ndani. Kila kipande kiache mkia nje, na namba hiyo iandikwe pia juu ya dresingi kwa kalamu. Akirudi, kabla ya kumkaribisha chai, soma barua yao ukitafuta namba hiyo hiyo. Babu mmoja wa Bahi alirudi na barua nadhifu, imegongwa mhuri, haikusema. Nilitoa vipande viwili vyenye mikia nikaridhika. Cha tatu nilikifuata siku ya tisa, kwa harufu.